Santuri Iliyosafishwa

Benchi letu liko barazani mwa duka la Harish, mtaa wa nyuma ya soko la Shinyanga, na kusema kweli ni benchi lake, ila tumelikalia muda mrefu hata yeye akitaka kukaa hutuomba nafasi. Tuko wanne. Mimi huitwa Karani, kwa sababu niliwahi kuwa karani wa kinu cha pamba. Donatus ni Gazeti: hakuna jambo asilolijua, na hakuna analolijua sawasawa. Bujiku ni Zebaki, mchimbaji wa dhahabu wa Nyarugusu kule Geita, huja mjini akipata na hurudi akiwa hana. Wa nne ni Maulidi, fundi cherehani, ambaye jina lake la kijiweni ni Sindano. Kahawa hutuletea Bhoke, na mwaka ule wa 1985 sukari ilikuwa ya kutafuta kwa tochi, kwa hiyo tuliinywa chungu na kuipoza kwa maneno.

Jumamosi hiyo asubuhi Harish alitoka na kalamu, akakata bei iliyoandikwa kwenye kadi dirishani. Juzi mia nne, leo mia sita. Kadi ilikuwa chini ya santuri kubwa yenye nyimbo kumi na mbili za Tinde Jazz, nyimbo za zamani zilizochapwa upya Nairobi. Baada ya mpaka wa Kenya kufunguliwa, Harish aliletewa tano. Wachimbaji walinunua nne. Ilibaki hiyo moja, na kila wiki Maulidi alipokaribia bei yake, bei ilisogea.

Sasa lazima nieleze kwa nini fundi cherehani alikuwa anaifukuzia santuri kama mtu aliyeibiwa. Mwaka 1972 gari la kurekodi lilikuja hapa mjini, wakanasa muziki ukumbini, dansi la mchana la Jumapili. Wimbo ulioitwa Barua ya Malampaka ulipofika mwisho, gitaa likakatika, na mkewe Maulidi, Mwamvua, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaona mawingu. Akapaza sauti kumwita mumewe: "Baba Zamoyoni, mvua hiyo, nguo ziko kambani!" Chombo kikanasa. Santuri ndogo ikatoka hivyo hivyo, maneno ya Mwamvua yakiwa mwishoni kabisa mwa upande wa pili. Watu wakayapenda. Kila dansi, kuanzia hapa hadi Masumbwe, gitaa likikatika ukumbi mzima uliitikia: mvua hiyo, nguo ziko kambani.

Mwamvua alifariki mwaka wa themanini. Maulidi hakuwa na picha yake hata moja, ila alikuwa na ile santuri. Alikuwa akiipiga pale mwisho tu, anarudisha, anapiga tena. Miaka ile sindano za gramafoni hazikuwepo madukani, na ya kwake ilipokwisha akafanya ambalo fundi cherehani tu angelifanya: akachukua sindano ya cherehani, akainoa kwenye jiwe, akaifunga kwa uzi na gundi. Ikafanya kazi. Ikafanya kazi vizuri mno, kwa sababu ilichimba pale mwisho hadi sauti ya mkewe ikageuka mkwaruzo. Aliifuta mwenyewe, kwa kuisikiliza. Jina la Sindano tulimpa siku hiyo. Lilikuwa jina la ukatili na tulicheka, na yeye akaliitikia. Nakala nyingine alizozitafuta zilikuwa zimechakaa vivyo hivyo.

Basi tulikaa kujadili bei.

— Mia sita, alisema Bujiku. Hiyo ni bei ya mbuzi anayejua kuitwa.

Harish alieleza kwa upole habari za ushuru, nauli ya lori kutoka Mwanza, na kwamba Nairobi nako wamepandisha. Maelezo yake yalikuwa ya kweli, ndiyo maana hatukuyataka.

— Ni mafuta, alisema Donatus. Santuri inatengenezwa kwa mafuta ya petroli. Mwarabu akikohoa kule, Tinde Jazz inapanda hapa. Wahenga walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

— Hiyo inaingiaje?

— Ngamani si ndiko yanakowekwa mafuta?

Hakuna aliyewahi kuona ngama ya jahazi Shinyanga, kwa hiyo hoja ikapita. Bujiku akasema yeye anajua ukweli, kwani wanaonunua ni wenzake. Kule Nyarugusu kuna mtu alikuwa anapiga Barua ya Malampaka mdomoni mwa shimo, na saa ile ile wakakuta mwamba wenye dhahabu. Tangu hapo hakuna anayeshuka bila kupigiwa wimbo huo. Shimo lisilo na jazi, kwao, ni kaburi tu.

— Sasa dhahabu ikipanda, na jazi inapanda, alisema. Na mvua ikinyesha inashuka, maana mashimo yanajaa maji.

Mimi nami sikukubali kubaki nyuma. Nikawaambia nimesikia kuna wazungu wanaokusanya santuri za huku, wanazipanga ukutani na hawazipigi kabisa. Mmoja huvaa glavu kama daktari kabla ya kuzigusa. Nani alinisimulia sikumbuki; huenda nilijisimulia mwenyewe.

— Wanazipanga bila kusikiliza? aliuliza Bujiku.

— Hawajui Kiswahili, nikasema.

Donatus hapo akaona amepitwa, akasogea katikati ya benchi.

— Nyote mko gizani. Wenye viwanda wanangoja wanamuziki wafe. Mpiga gitaa akifa, mia mbili juu. Mpuliza tarumbeta wa Tinde Jazz mpaka leo anakohoa pale nyumbani kwake. Akienda yule, ni elfu moja. Kwa hiyo dawa si kulalamikia bei. Dawa ni kumpelekea supu ya kuku kila Ijumaa. Kinga ni bora kuliko tiba, na chanda chema huvikwa pete.

— Pete ya nini tena, Gazeti?

— Santuri ina tundu katikati. Tundu hilo ndilo pete.

Tulikuwa tumeanza kupanga nani atatoa kuku, kwa dhati kabisa, Maulidi alipoweka kikombe chini.

— Na sauti ya aliyekwisha kufa, inauzwaje?

Bhoke akatuongezea kahawa ambayo hatukuiomba.

Maulidi alikuwa na swali jingine, na hilo ndilo lililokuwa likimkosesha usingizi. Je, Mwamvua yumo humo ndani? Harish alimjibu kwamba hajui. Santuri zilikuja zimefungwa nailoni, na ukichana nailoni umenunua, ndiyo sheria ya duka lolote. Wale wachimbaji wanne walikuwa wamekwenda nazo Geita. Bujiku alisema amesikia moja ikipigwa huko, lakini watu wote huitikia yale maneno kwa pamoja, usingeweza kujua santuri imesema nini.

Donatus akaomba aitazame. Akaigeuza nyuma, akasoma Kiingereza chake polepole huku kidole kikitembea.

— Hapa wameandika. Sauti zote zimesafishwa upya kwa mitambo ya kisasa. Umesikia, Sindano? Zimesafishwa. Ndiyo maana ni ghali. Mama Zamoyoni atasikika kama amesimama hapa dukani.

Maulidi akanitazama mimi. Mimi ndiye niliyesoma kidogo pale kijiweni, na yeye huniheshimu kwa hilo. Nikatikisa kichwa kukubali. Sikuwa najua. Nilitaka tu iwe kweli, kama yeye.

Akainuka, akapanda baiskeli yake, akaenda. Ilikuwa Phoenix nyeusi, aliyokuwa akimpakia Mwamvua kwenda kwa wazazi wake kule Tinde, na karia yake alikuwa ameishonea mto mwenyewe. Adhuhuri alirudi kwa miguu, mashati matatu ya wateja yakiwa begani na pesa mkononi. Hatukumuuliza baiskeli iko wapi.

Harish alitoa mashine yake ya santuri, akaiweka juu ya meza mlangoni, akatia betri mpya na hakutaja bei yake. Maulidi akachana nailoni kwa wembe wa kukatia nyuzi, taratibu, kama anayefumua shati la mtu mkubwa. Barua ya Malampaka ulikuwa wimbo wa nne.

Sitasema uongo, ulisikika vizuri. Magitaa yalikuwa safi kabisa, ungeweza kuhesabu nyuzi. Zamani katikati ya wimbo palisikika mtu akikohoa na chupa ikianguka. Sasa hapakuwa na kikohozi wala chupa. Donatus alikuwa akitabasamu na kutuangalia mmoja mmoja. Maulidi alikuwa ameinama, sikio karibu kabisa na spika, viganja vimeshika ukingo wa meza.

Wimbo ukafika mwisho. Zamani gitaa lilikuwa likikatika ghafla. Safari hii lilififia, likafifia, likapungua hadi likaisha lenyewe, na baada ya kimya kifupi ukaanza wimbo wa tano.

Maulidi akainua mkono wa mashine, akarudisha. Likafifia tena. Akarudisha mara ya tatu, akaongeza sauti hadi mwisho. Kilichosikika ni ule mvumo wa mashine tu, kisha wimbo wa tano ukatupigia kelele, na Harish akauzima.

— Sisi tukisafisha, alisema Bujiku polepole, tunatoa mchanga, tunabakiza dhahabu.

Donatus alikuwa anatazama viatu vyake. Harish akasema nailoni si kitu, atairudisha santuri dirishani, Maulidi achukue pesa yake akakomboe baiskeli. Maulidi akamshukuru. Lakini hakusogea pale mezani, na pesa iliyokuwa imewekwa mbele yake hakuigusa.

Wakati huo alikuja mama mmoja na mfuko wa chumvi kichwani, akasema "shikamooni", nasi tukaitikia. Aliitwa Mwaisha, alikuwa akingoja basi la Tinde, na alitaka kahawa tu. Alipoona wanaume wazima wameizunguka meza kama kuna msiba, akauliza kulikoni. Nikamweleza kwa kifupi. Akatua mfuko wake chini.

— Pole, kaka, alimwambia Maulidi. Alisema maneno gani, marehemu?

Tukajibu watatu kwa pamoja, kwani nani hayajui: Baba Zamoyoni, mvua hiyo, nguo ziko kambani.

— Ee, kumbe ndiye! Hayo hata kwetu tunayaimba. Mama huyo akanywa kidogo, akamtazama Maulidi kwa huruma ya kweli. Na sauti yake ilikuwaje? Nyembamba, au nzito?

— Nyembamba, alisema Donatus. Nyembamba sana.

— Hapana, ilikuwa nzito, alisema Bujiku. Mimi nimeisikia mara mia.

Bujiku aliisikia machimboni, ambako betri huwa zimechoka, santuri huzunguka polepole, na kila mwanamke huimba kama mwanamume. Donatus aliisikia kwenye harusi, betri mpya, santuri ikizunguka mbio. Mimi nilimjua Mwamvua miaka kumi na miwili, alinishonea vifungo, alinipa pole alipofariki mama yangu, na nilipotafuta sauti yake kichwani nikakuta ukumbi mzima unaitikia.

Tukamgeukia mwenyewe.

— Haikuwa hivyo, alisema Maulidi. Wala hivyo. Ngojeni. Alikuwa anasema hivi.

Akajinyoosha, akafumba macho, akafungua mdomo ili atuonyeshe. Alisema maneno yote, bila kukosea hata moja, na sauti iliyotoka ilikuwa yake yeye, Maulidi.