Kanisa Lililokosa Jina, Bungulu

Benchi la Lukman liko mtaani Bungulu, pale njia ya mtaa inapoingia barabara kubwa, na wanaolikalia ni walewale. Lukman mwenyewe, muuza kahawa, ni Mwislamu, lakini habari za makanisa yetu anazijua kutuzidi. Éliakim tunamwita Baffle, kwa sababu hukodisha vipaza sauti vya harusi na vya injili. Mzee Lusenge ni Sinodi: alibatizwa Mkatoliki, na tangu hapo amesali kila mahali penye paa. Mimi wananiita Licence, tangu nilipotoka chuo Butembo na shahada isiyonipa kazi. Asubuhi hiyo alikuja pia Ananie, pasta kijana aliyekuwa akisali na jirani zake chini ya turubai. Jumapili alitaka kulizindua kanisa rasmi, na kanisa halikuwa na jina.

Baffle alisema jina lingojee, kwanza sauti. Pasta asiye na vipaza sauti ni mtu anayeongea na bibi yake jikoni.

— Kanisa ile basoda ba barrière habaisikie, ni kanisa ya nini?

Ananie akajibu kwamba wale askari wa kizuizini nao wanahitaji kulala. Lukman alicheka akamjazia kikombe bila kuombwa.

Sinodi alikuwa na lake. Majina yote yameshachukuliwa, alisema: Nuru iko, Moto uko, Mlima uko, na wanaogombana wakagawanyika huongeza tu neno "Mpya" mbele. Lakini wazazi wetu hawakuwahi kusumbuka hivi. Kwetu Wanande mtoto anazaliwa na jina lake tayari, kwa kuhesabu. Mtaa huu una makanisa matatu, hili la Ananie ni la nne, na mtoto wa kiume wa nne ni Kakule.

— Donc Kanisa Kakule. Imeisha.

— Kanisa ni bibi-arusi wa Kristo, we Sinodi, Baffle alisema. Tangu lini bibi-arusi anaitwa Kakule?

— Basi Kahambu, alisema Lukman. Musichana wa ine.

Ikawa kesi. Sinodi akadai kwamba bibi-arusi ni picha tu ya maneno. Baffle akamuuliza kama na mbingu pia ni picha. Hapo ndipo nilipoingilia, kwa kuwa hesabu mbaya hunikosesha raha. Niliwakumbusha kwamba watoto huhesabiwa kwa mama. Kati ya yale makanisa matatu, mawili yalitoka ndani ya lile la kwanza baada ya ugomvi, kwa hiyo ni mama na binti zake. La Ananie halikutoka tumboni mwa yeyote kati yao. Kama ni la kike, basi ni msichana wa kwanza, na msichana wa kwanza ana jina lake.

— Masika, Sinodi alisema polepole, kama mtu anayeonja chumvi.

Baffle akasimama, akakunja mikono mdomoni, akalijaribu jina kwa sauti yake ya kazi:

— Kanisa ya Masika!

Ng'ambo ya njia mwanamke aliyevaa kitenge kichwani na kingine begani akasimama, akageuka.

— Munaniita?

Tulicheka, na Baffle akaanza kumwomba radhi. Lakini alikuwa ameshavuka. Macho yake yalikuwa yamevimba, na kicheko kikatuishia mmoja mmoja. Aliuliza kama kati yetu kuna pasta. Ananie akasimama, akampa nafasi yake kwenye benchi. Hakukaa.

Alitoka upande wa Mabalako, walikotoroka yeye na mama yake vijiji vilipovamiwa, na walikuwa wamehifadhiwa na watu nyuma ya gereji. Mama alifariki jana. Tangu hapo binti alikuwa amepita makanisa yote ya mtaa akitafuta wa kumzika, na hakuna aliyemfukuza. Walimpa pole, wakampa kiti.

— Mais kila pahali banauliza ile moja: mama ni wa kanisa gani, pasta wake ni nani. Ya kwetu ilifungwa siku tulikimbia. Pasta hapana julikana eko wapi.

Akatutazama sote, hata Lukman.

— Kanisa ikishakimbia, mutu anabakia wa kanisa gani?

Sinodi, aliyesali kila mahali, alikuwa anachungulia ndani ya kikombe. Mimi nilitafuta jibu katika yote niliyosoma, nikaona aibu ya kutafuta.

Ananie alifunga vifungo vya koti. Sinodi akamshika mkono, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba asubiri Jumapili ipite. Kanisa linaloanza na maiti litanuka kifo mtaa mzima. Watu hapa wamezika vya kutosha, wanatafuta mahali pa kuimba. Baffle naye akakubali, kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo: aanze na harusi, hata ya kuazima. Na pasta akianza na mazishi, turubai litabaki na yeye peke yake.

Walisema kweli, na Ananie alijua.

— Muzee, acha baiite kanisa ya kilio, alisema. Jumapili basikuje. Mie leo niko na mama wa kuzika.

— Na ku makaburi bakiuliza kanisa gani? Sinodi alisema.

— Nitabaambia ni kanisa ya Masika. Habatakuwa na la kusema, mwenyewe atakuwa amesimama pale.

Masika akavuta kitenge, akajifunika mdomo. Ananie akamwuliza kama kwenye kilio, kule nyuma ya gereji, kuna pa kukaa watu. Akatikisa kichwa. Basi pasta akatugeukia, akatuomba tusimame.

Tulisimama na vikombe vyetu mkononi. Ananie akashika benchi upande mmoja. Upande wa pili ukabaki chini kidogo, kisha Baffle akauinua huku akinung'unika kwamba kilio bila sauti si kilio, atapitia nyumbani kuchukua kipaza kimoja kidogo. Sinodi alivua kofia akawafuata.

Lukman alifunika thermos, akanitangazia kwamba kahawa imeisha. Alipoinyanyua akaenda nyuma yao, niliisikia kahawa ikicheza ndani, nzito, imejaa.