Daftari la Kijani la Bwana Zebedayo

Tarehe thelathini Juni mwaka huu, Bwana Zebedayo, tabibu wa meno wa kliniki yetu hapa Raskazone, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne kazini. Wenye shahada za kumwandikia wapo. Nimeomba niandike mimi, Mwatumu, mhudumu wa chumba namba mbili, darasa la saba, mama mzazi wa Daktari Sabra, kwa sababu mimi ndiye niliyemkosea.

Alianzia Pongwe, enzi za kiti cha meno cha kupandishwa kwa kukanyaga na mguu. Mkono wake mwepesi mpaka leo. Muuza samaki mmoja wa Tongoni aling'olewa gego huku akisimulia ugomvi wa mawifi zake, na alipomaliza kisa ndipo akauliza sindano itachomwa lini. Lakini haamini kitu, huyu bwana. Kila chupa inayoletwa anainusa, tarehe anaisoma mara mbili, hata sukari ya kantini anaionja kwanza. Tulimpa jina la Kwanza Tuone.

Sabra wangu alipotoka chuoni Dar es Salaam, daktari wa kwanza katika ukoo wetu wote, na msinione najisifu, ni kweli tupu, alikuja na gundi mpya ya kushikizia dawa ya kuzibia meno. Njia ya Bwana Zebedayo ni ndefu: unapaka asidi sekunde kumi na tano, unaosha, unakausha kidogo ila jino lisikauke kabisa, halafu ndiyo gundi. Ya Sabra ina asidi yake humo humo: unaisugua sekunde ishirini, unaipuliza, unaipiga taa igande. Sabra alisema hatua zikipungua na makosa yanapungua. Bwana Zebedayo akauliza ni chungu gani hicho kinachopika wali na mchuzi pamoja. Kwanza tuone.

Tukaona. Mwaka juzi, baada ya Idi, meno aliyoziba Sabra yakaanza kuzibuka. Ndani ya miezi miwili walirudi wagonjwa kumi na mmoja. Wa Bwana Zebedayo hakurudi hata mmoja. Mkuu wa kliniki akasema hali ikiendelea, chupa ile itaondolewa, na Sabra hatagusa jino bila kusimamiwa. Mwanangu akawa harudi na hamu ya kula.

Wakati huo huo Bwana Zebedayo alikuwa na daftari la kijani. Anawavizia wagonjwa wa Sabra mlangoni, anawauliza, anaandika. Nikimkaribia, analifunga. Siku moja nikifuta meza yake nikalifungua. Sabra, Sabra, Sabra, ukurasa mzima, na saa zimeandikwa pembeni. Nikajua basi, huyu mzee ana husuda, anataka kumchimbia mtoto wa watu kaburi kabla hajaondoka. Chai yake ya tangawizi nikaikata. Shikamoo nikaikata. Kwenye korido nikasema niliyoyasema, na mliyasikia.

Sasa niseme ambalo hamkulisikia. Kila asubuhi saa moja na nusu, kabla daktari hajafika, nilikuwa namuandalia mwanangu. Nadondosha gundi kwenye vibakuli, tone kwa kila mgonjwa wa siku ile, navipanga dirishani kama vikombe vya kahawa vya wageni. Mgonjwa akikaa tu, nasogeza kibakuli. Sabra alidhani nimedondosha dakika ile ile. Kwa Bwana Zebedayo sikuandaa. Vyake haviguswi na mtu.

Asubuhi moja nageuka, kasimama mlangoni na daftari lake. Nikajiandaa kwa vita. Akavitazama vibakuli, akafungua ukurasa, akanionyesha. Waliozibwa saa mbili, wazima. Waliozibwa saa nne kwenda mbele, ndio waliorudi.

"Mama Sabra," akasema, "gundi hii ikikaa wazi inakauka, na mwanga wa dirisha unaigandisha. Mwanao hana kosa. Nilikuwa natafuta nini kinamharibia, nikadhani chupa."

Niliketi kwenye kiti cha mgonjwa. Yeye akaenda kwa mkuu, akasema tu gundi idondoshwe mgonjwa akiwa ameshakaa. Jina langu hakulitaja siku ile, wala siku nyingine yoyote. Wenzangu, mnalisoma leo.

Baada ya hapo njia mbili zile zikapimwa kwa haki, miezi sita, wagonjwa thelathini huku na thelathini huku. Zote mbili zilishika vizuri. Upande wa Bwana Zebedayo lilizibuka jino moja tu, akakiri alilikausha mno. Ya Sabra yalibadilika rangi pembeni, kwenye meno ya mbele, ndipo akaazima asidi ya mzee kwa ganda la nje la jino peke yake. Mwisho mzee mwenyewe akakaa kitini, akamwachia Sabra gego lake la chini kulia. Alishika kioo mkononi, ahakikishe tone ni bichi. Gego lile halijatikisika hadi leo. Akicheka kwenye sherehe ya kumuaga, mtaliona.

Bwana Zebedayo, unarudi Muheza kwenye machungwa yako. Nayo yana asidi, usiyaamini. Mungu akupe afya, usingizi mzito na watu wa kukuandalia chai. Ya kwanza nitaileta mwenyewe, na ruhusa unayo ya kuinusa. Ahsante kwa mwanangu. Ahsante kwa kuninyamazia.

Miezi miwili nilikunyima shikamoo. Pokea zote leo, mbele ya watu.

Mwatumu, mama yake Daktari Sabra