Marehemu Odartei Sowah, Bingwa Aliyedaiwa Pambano Moja

Ndugu, majirani, na ninyi mashabiki mlioanza kubishana hapo nyuma, nyamazeni kidogo tumsome marehemu.

Odartei Sowah alizaliwa tarehe 7 Septemba 1954 hapa hapa Bukom, Accra, mtoto wa tatu wa mvuvi Okai Sowah na mkewe Korkor, aliyeuza kenkey, yale madonge ya unga wa mahindi uliochachushwa, na samaki wa kukaanga. Mama yake alipenda kusimulia kwamba ngumi yake ya kwanza mwanawe aliirusha kwa ajili ya kichwa cha samaki. Alimpiga kaka yake, akakichukua, kisha wakakila pamoja.

Alisoma shule ya Wamethodisti, James Town, hadi mwaka 1970. Hesabu hazikumkubali, ngumi zilimkubali. Mwalimu wake, aliyechoka kuamua ugomvi, alimshika mkono akampeleka ukumbi wa ndondi. "Kama ni lazima upige watu," alimwambia, "basi kawapige kwa ratiba."

Akawapiga kwa ratiba. Mwaka 1976 alitwaa ubingwa wa taifa, na mwaka 1980 ule wa Afrika Magharibi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa habari nyingine, wakamwita Nyundo. Lakini shabiki wa Bukom hashibi. Alipomwangusha yule wa Lagos, walisema yule kazeeka. Alipomwangusha wa Lomé, walisema yule alikuja na homa. Walichotaka ni kimoja tu: apigane na Commey Tagoe wa James Town, mtaa wa pili, ambaye naye alikuwa hajashindwa na mtu.

Pambano likapangwa tarehe 26 Mei 1984, katikati ya marufuku ya kelele kabla ya Homowo, sikukuu yetu ya mavuno, mahindi yako ardhini na mji mzima hauruhusiwi ngoma wala vifijo. Promota alikuwa mtu wa kuja, hakujua, au alijua akapuuza. Marehemu, ambaye mjomba wake alikuwa kuhani wa mila, alikataa. Aliomba tarehe isogezwe hadi baada ya sikukuu. Commey hakuweza kungoja, alikuwa na mkataba ng'ambo, na huko akaumia jicho, asipande tena ulingoni. Basi hukumu ikatolewa kwenye mabenchi ya wauza kenkey: Odartei kamkimbia mwenzake. Kila alipopita walimwambia marufuku ni ya ngoma, si ya ngumi. Jina la Nyundo likafa, wakamwita Kimya. Jina hilo lilimuuma, tusifichane.

Tarehe 12 Aprili 1986 alifunga ndoa na Adoley Quaye, Mungu akawajalia watoto watatu. Siku moja Adoley alimuuliza waziwazi kama kweli alimwogopa Commey.

"Nilimwogopa," alijibu. "Mwenye akili zake nani asingemwogopa? Lakini kupigana, ningepigana."

Maneno hayo hakumwambia mtu mwingine. Alijua watu wangesikia nusu ya kwanza tu.

Alistaafu mwaka 1988, akawa fundi wa kushona glovu zilizochanika. Klabu zote za mtaa zilimletea, na wana wa waliomcheka aliwashonea kwa uzi ule ule aliowashonea wanawe. Mwaka 2017 mikono ikaanza kutetemeka. Adoley akawa anamtungia uzi kwenye sindano, yeye anashona, hivyo hivyo polepole, mpaka hata hilo likashindikana. Alifariki nyumbani tarehe 19 Januari 2023, mkewe akiwa kando yake.

Kwetu jeneza huchongwa kwa umbo la maisha ya mtu, na hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Mjane aliomba glovu. Mashabiki wakaleta ujumbe, mbele yao Mzee Nortey, ambaye maishani mwake hajavaa glovu hata ya kujaribia. Alisema glovu ni ya aliyepigana na wote. "Huyu mchongeeni sindano," alimalizia. Adoley alilia mbele za watu kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie, na sisi wanaume wa nyumba hii tukaangalia chini, aibu tupu.

Commey Tagoe alikuwa amekaa na waombolezaji, fimbo mkononi. Akaomba aseme.

"Mnasema alinikimbia. Mimi niliposikia amekataa nilimshukuru Mungu, nikalala fofofo. Miaka yote mmemwita yeye mwoga, nami nikanyamaza kwa sababu ilinifaa. Mkimnyima glovu, na mimi nikifa msinizike nayo. Shemeji, nisamehe."

Mzee Nortey, shabiki ni shabiki, aliuliza: basi nani angeshinda? Commey akajibu kwamba hajui, na kwamba kutojua huko ndiko kulikomtia hofu. Nortey alikaa kitako. Fundi akaagizwa glovu.

Marehemu ameacha mjane, Adoley, watoto Okai, Lamiley na Amartei, wajukuu saba, dada yake Dedei, na mpinzani wake, Commey Tagoe, ambaye ameiweka fimbo chini na kuomba abebe jeneza upande wa mbele. Mliosubiri tangu mwaka 1984 kuwaona wawili hawa pamoja, simameni, ndio hao wanakuja.

Pumzika kwa amani, bingwa wetu.