Jina ya Mukwe Ndani ya Mashini

Zacharie: Haloo? Ni nani?

Viviane: Ni mimi, shemeji. Viviane.

Zacharie: Viviane gani? Huku Wamaza tuko na Viviane watatu, na mumoja ananidai kuku.

Viviane: Viviane wa kaka yako Hervé. Ule wa depo ya mupunga, Kasongo. Usinichezee, niko na unités kidogo ndani ya simu.

Zacharie: Ah, bibi yetu. Jambo. Watoto?

Viviane: Wako muzuri. Léontine yuko ku masomo. Babu alianguka ku baiskeli, ni goti tu.

Zacharie: Pole kwa Babu. Na ile mashini yako? Nasikia sasa hauandikake tena mu kaye ya karatasi, unagonga na vidole tu, na mushahara unakuja.

Viviane: Ndiyo mashini yenyewe inanileta kwako. (mikwaruzo) Unanisikia?

Zacharie: Kidogo. Réseau ya huku unaijua. Ngoja... Sasa?

Viviane: Sasa ndiyo. Lakini sauti yako inatoka mbali.

Zacharie: Simu iko juu ya kiti. Mikono iko ndani ya mupunga, tunaanika.

Viviane: "Tunaanika"? Uko na nani?

Zacharie: Na kuku. Sema.

Viviane: Niko na shida, Zacharie. Shida kweli.

Zacharie: Ungekuwa huna shida ungeniita? Tangu Pasaka sijasikia hata "jambo" yako.

Viviane: Uniseme kesho. Leo sikiliza. Unajua patron Théophile alinunua logiciel ya kompta, ile programu ya hesabu ndani ya mashini, ni miezi tatu sasa. Kila mutu anayetuletea mupunga, naingiza facture yake ndani: siku, kilo, bei, jina yake.

Zacharie: Najua. Ulituonyesha ku Pasaka, ukatukatalia kugusa.

Viviane: Juu mikono yenu ilikuwa na mafuta ya samaki. Basi, fasi ya fournisseur, ule anayetuletea mupunga, niliandika kila mutu jina yake kamili. Isipokuwa mutu mumoja.

Zacharie: Mutu gani?

Viviane: Unamujua.

Zacharie: Najua watu wengi.

Viviane: Baba yako, Zacharie.

Zacharie: Ah. Na yeye ulimuandika nani?

Viviane: Niliandika MUKWE.

Zacharie: (anacheka)

Viviane: Usicheke.

Zacharie: Sicheki. Ni vumbi ya mupunga. MUKWE, na herufi kubwa?

Viviane: Kubwa. Mu kaye nilikuwa naandika vile na hakuna mutu aliuliza. Lakini patron ameleta komptable toka Kindu, musichana mumoja Naomie, akague logiciel. Leo asubui alitoa liste. "Fournisseur Mukwe, factures kumi na moja, jina kamili haiko, namba ya karte ya kitambulisho haiko." Akaniuliza mbele ya patron: huyu Mukwe ni mutu, ao ni mufuko wako?

Zacharie: Alisema vile?

Viviane: Vile vile. Saa munane anarudi. Kama sina jina kamili na namba ya karte yake, factures zote anazifuta, na mimi natoka mu bureau. Patron hakusema kitu. Alitazama chini. Ile ndiyo iliniuma, Zacharie. Miaka sita namufanyia kazi, akatazama viatu vyake.

Zacharie: Sasa iko saa ngapi?

Viviane: Saa saba na nusu.

Zacharie: Lakini jina unaijua. Andika.

Viviane: Unajua sitaji jina ya mukwe.

Zacharie: Kuandika si kutaja.

Viviane: Kuandika ni kutaja na mukono. Nilijaribu. Nikagonga herufi ya kwanza, haya ikanipanda mpaka mu masikio. Nikaifuta.

Zacharie: Miaka kumi na moja ndani ya jamaa yetu. Mutoto mwenyewe umemupa jina ile—

Viviane: Kaka yako ndiye alimupa.

Zacharie: —na unamuita Babu. Mutoto wa miaka munane. "Babu, osha sahani. Babu, futa kamasi."

Viviane: Anaosha muzuri kuliko wewe.

Zacharie: Na ile neno ingine, ile inayofanana na jina ya Papa, hauisemaki hata ku parking ya pikipiki. Watu wote wanaisema, wewe unasema "watu wa njia."

Viviane: Wanaelewa.

Zacharie: Wanaelewa, ndiyo. Halafu wanacheka ukishapita.

Viviane: Zacharie, dakika zinakwenda. Hervé yuko Salamabila, simu yake haipiti tangu juzi. Nakuomba. Uende kwa Papa polepole, umuombe karte yake, unisomee namba. Na umuombe ruhusa, niandike jina yake ndani ya mashini. Akikubali yeye, haya itapungua.

Zacharie: Mbona usimuombe wewe?

Viviane: Unajua juu ya nini.

Zacharie: Mimi? Sijui kitu.

Viviane: Gunia ya saba.

Zacharie: Hapo sasa. Eleza, nisikie toka kwako. Huku tulisikia upande mumoja tu.

Viviane: Iko nini ya kueleza? Papa alituma gunia ya kilo makumi tano. Ikafika kwangu, nikaiweka ku bilo ya kupimia: kilo makumi ine na munane. Nikashusha, nikapandisha tena. Makumi ine na munane. Mwenye pikipiki yuko pale anakula karanga, ananitazama. Nikaingiza facture: makumi ine na munane.

Zacharie: Ya baba ya bwana yako.

Viviane: Ya baba ya bwana yangu. Kilo mbili. Ungekuwa wewe ungeongeza?

Zacharie: Mimi ningeongeza kumi, nijipatie chakula ya jioni.

Viviane: Ndiyo maana hawakuwekake ku bilo. Tangu ile siku, Papa amepita Kasongo mara tatu. Mara tatu, Zacharie. Analala kwa watu wa parokia. Chai yangu hanywi tena. Babu anauliza, "Babu mukubwa anakuja lini?" Mimi najibu nini?

Zacharie: Mujibu kichwa yake ni nguvu.

Viviane: Kichwa yake ni nguvu kama kinu. Nayo ninaipenda vile vile.

Zacharie: (kikohozi kinasikika) Endelea.

Viviane: Ni yeye alilipa masomo yangu ya kompta, unakumbuka? Hervé alikuwa hana hata viatu. Papa aliuza mbuzi mbili. Hakunisemesha mimi, alimuambia Hervé: "Muambie bibi yako asituaibishe." Ile tu. Sasa ningeandika makumi tano, ndiyo heshima? Ile siku nililia nyuma ya magunia. Halafu nikafuta macho, nikaandika ile bilo ilisema.

Zacharie: (kikohozi tena)

Viviane: Zacharie? Uko?

Zacharie: Niko.

Viviane: Nani amekohoa?

Zacharie: Ni mimi.

Viviane: Si wewe. Ilikuwa kitambo kidogo. Na sasa tena, nimesikia.

Zacharie: Ni kuku.

Viviane: Kuku haikohoake. Zacharie, simu iko ku haut-parleur, kila mutu anasikia?

Zacharie: Kasikio ya simu iliharibika tangu mwezi uliopita, shemeji. Bila haut-parleur sisikii kitu. Nilitaka kukuambia, lakini ulikuwa unasema muzuri—

Viviane: Nani yuko pale?

Zacharie: Nilikuambia, tunaanika. Mutu haanikake magunia ine peke yake.

Viviane: Nakufa.

Zacharie: Usikufe, uko na saa munane. Anauliza kitu. Ngoja. ...Papa anauliza: ile facture ya gunia ya saba, ingali ndani ya mashini?

Viviane: Mu... muambie ingali.

Zacharie: Papa, ingali. ...Anauliza: na kilo?

Viviane: Makumi ine na munane. Muambie sikubadilisha.

Zacharie: Amesikia, masikio yake ni mazima kuliko simu yangu. Anasema... Papa, usinyang'anye, iko na waya—

Mukwe: Mama Léontine.

Viviane: Niko, Papa.

Mukwe: Ule musichana wa Kindu anasema unapendelea watu wa kwako?

Viviane: Ndiyo, Papa.

Mukwe: Basi umufungulie facture ya gunia ya saba. Asome mwenyewe. Umuambie: huyu Mukwe ndiye baba ya bwana yangu, na nilimupunguza kilo mbili, naye alikasirika miezi miwili. Akiwa na mashaka, nitapanda pikipiki nije nimuonyeshe namna nilikasirika.

Zacharie: Huyo wa Kindu atakimbia.

Mukwe: Nyamaza, geuza mupunga. Mama Léontine, mikono yako iko ku mashini?

Viviane: Iko, Papa.

Mukwe: Futa ile Mukwe. Andika. Mimi nasema, wewe unaandika tu. Aliyetaja ni mimi.

Viviane: Ndiyo.

Mukwe: Kalonda. Ka, lo, nda.

Viviane: (anagonga herufi) Ndiyo, Papa.

Mukwe: Ya pili ni ile ya watu wa njia.

Viviane: Papa anajua?

Mukwe: Unafikiri sikuambiwa? Pale parking nilisikia mwenyewe, wanakuchekelea. Mimi sikucheka. Musafiri. Andika.

Viviane: Nime... nimeandika.

Mukwe: Halafu Antoine. Sasa karte. Zacharie, leta ule mufuko. Si huo. Ule wa misa. (mikwaruzo) Soma, macho yangu hayafiki.

Zacharie: Sifuri, saba, saba, moja. Unaandika?

Viviane: Sifuri, saba, saba, moja.

Zacharie: Tatu, tisa, tisa... hii ni ine ao tisa? Papa, uliikalia.

Mukwe: Ni ine.

Zacharie: Ine. Halafu mbili, sita, sita. Ndiyo mwisho.

Viviane: Mbili, sita, sita. Ngojeni... Imekubali. Factures zote kumi na moja zimekwenda chini ya jina. Zote, Papa.

Zacharie: Tusomee ile jina, tuone kama hakuna kosa.

Viviane: Zacharie, nikifika huko nitakupiga na kijiko.

Zacharie: Nilijaribu tu.

Viviane: Simu inalia, unités zinakwisha. Na pikipiki ya Naomie naisikia inje. Papa, aksanti. Aksanti sana. Mimi—

Mukwe: Ngoja. Iko kitu.

Viviane: Ndiyo, Papa?

Mukwe: Ule mupunga wa gunia ya saba. Ulikuwa mubichi. Tuliupima hapa ungali haujakauka, nilikuwa na haraka ya feza ya dawa. Siku mbili juu ya pikipiki, maji ikatoka. Nilijua tangu hapa.

Viviane: Najua, Papa. Niliingiza mukono ndani ya gunia.

Mukwe: Ulijua?

Viviane: Ilikuwa ingali na joto ya mupunga mubichi.

Mukwe: Na hukumuambia mutu. Hata Hervé?

Viviane: Niliandika kilo tu. Mashini haina fasi ya kuandika mengine.

Mukwe: Mama Léontine, siku ya posho, ile Jumamosi, nashuka Kasongo. Umuambie ule mutoto, na uweke maji ku— Alo? Mama Léontine? Zacharie, mbona inanyamaza?

Zacharie: Unités zake zimekwisha, Papa.

Mukwe: Sikumaliza. Atajua namna gani kama ni chai?

Zacharie: Atajua.

Mukwe: Muite wewe.

Zacharie: Na unités gani?

Mukwe: Uza ule kuku.