Doa Chini ya Kanta: Maisha ya Fabian Emmanueli Sulle (1971–2025)

Marehemu Fabian Emmanueli Sulle alizaliwa Endabash tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa tatu wa Mzee Emmanueli na Mama Angela. Alimaliza darasa la saba hapa hapa mwaka 1986, kisha akasomea udereva na kuongoza watalii Arusha.

Kuanzia 1997 alishusha wageni kwenye kreta ya Ngorongoro. Alijua Kijerumani cha kuchekesha, na Kimaasai cha kuomba ng'ombe wapishe barabara. "Faru ni kama baba mkwe," aliwaambia wageni. "Msalimie kwa mbali."

Tarehe 2 Oktoba 1999 alifunga ndoa na Cresensia. Mvi zilipoanza, alihofia gari lake kupewa kijana, hivyo kila mwezi Cresensia alimpaka kanta uani. Desemba 2023 mkewe aliona doa jeusi ndani ya nywele, juu ya sikio la kushoto.

"Baba Modest, kanta imegoma kutoka."

"Sugua tu, Mama Modest. Umewahi kusikia sufuria ikilalamika?"

Akasugua kwa dodoki. Mwezi uliofuata doa lilikuwa limepanuka, akasugua tena. Mara ya tatu likatoa damu.

Machi 2024, huko Moshi, daktari aliitaja melanoma, saratani ya chembe zinazoipa ngozi rangi. Alieleza kuwa kwa watu weusi mara nyingi huota unyayoni au chini ya kucha, mahali pa kuonekana. Ya kichwani hufichwa na nywele, hugunduliwa imechelewa, na tezi za shingo ziko jirani. Hata ubongo hauko mbali. Cresensia aliuliza swali moja tu: "Nilipokuwa nasugua, niliisambaza?" Daktari akasema hapana. Hakumwamini. Tangu hapo, kila asubuhi alipapasa shingo ya mumewe kabla ya kumsalimia. Agosti, vidole vyake vikakuta uvimbe.

Fabian alipasuliwa mara mbili. Mei mwaka huu ugonjwa ulifika kwenye ubongo. Akasahau majina ya wanawe, njia za kreta hakuzisahau. Alifariki Jumatatu, 9 Juni 2025, saa nne asubuhi, mkono wa Cresensia ukiwa shingoni mwake.

Ameacha mama yake, mjane wake Cresensia, na watoto watatu: Modest, Selina na Piusi. Baada ya matanga watoto watanyolewa, kama ilivyo desturi yetu. Cresensia ameomba wembe aushike mwenyewe, jua likiwa juu, na mtu asimharakishe.

Fabian, pumzika kwa amani. Vichwa vya watoto tutaviangalia sisi.