Ndugu Tabita na Damu Nyeupe ya Mwajuma

Ndugu Tabita Mwashitete anastaafu leo, Jumamosi tarehe 30 Juni 1984, baada ya kuitumikia maabara ya hospitali yetu miaka ishirini na miwili kasoro siku mbili. Uongozi ulimwomba aongeze hizo siku mbili ili hesabu ikae vizuri. Alijibu kwamba mahindi yake ya kijijini kwake Isansa yamekauka na hayana habari na hesabu.

Aliajiriwa Julai 1962 kama mfagiaji. Hadubini aliijua kwa kuifuta vumbi, na kwa kuwa aliifuta kila siku, kila siku alichungulia kidogo. Kufikia 1967 alikuwa akimsahihisha mkuu wake wa kazi, kwa adabu, na mwaka uliofuata mkuu huyo akaomba uhamisho. Hatusemi kwamba mambo hayo mawili yanahusiana. Tabita alipelekwa kozi Mbeya, akarudi na cheti, na ufagio hakuuacha. Kiongozi mmoja aliyekuja kukagua maabara alinawishwa mikono wakati wa kuingia na akanawishwa tena wakati wa kutoka.

Alikuwa na desturi moja iliyotukera sote. Kichupa cha damu, hata kikishapimwa, hakikumwagwa kabla ya saa kumi alasiri. Alivipanga dirishani, damu ikatulia, wekundu ukazama chini na maji ya manjano yakabaki juu. Kisha alivitazama kimoja kimoja. Aliyehitaji kichupa kitupu alisubiri.

Mwaka 1980 aliletwa Mwajuma, mtoto wa miaka kumi, binti wa Makame, mwenye malori pale Tunduma, na mkewe Fatu. Wazazi hawa ni binamu. Mtoto alikuwa na maumivu ya tumbo yaliyomrudia tangu akiwa mdogo, na kwingineko alishapasuliwa, hakikuonekana kitu, akashonwa. Safari hii alikuja amejikunja, na wengi wetu hatukutegemea arudi kwao akiwa hai.

Saa kumi Tabita alitazama kichupa cha Mwajuma. Pale palipopaswa kuwa na maji ya manjano palikuwa na kitu cheupe kama maziwa. Daktari Anyitike, aliyekuwa mgeni kwetu, alisema kichupa hakikuoshwa. Siku ya pili ikawa vilevile, na ya tatu pia. Tabita akapewa barua ya onyo kwa kuharibu vipimo. Aliisaini, akachemsha vichupa viwili katika sufuria moja, kimoja akatia damu ya mtoto na kingine damu yake mwenyewe. Yake ilitoa maji safi. Ya mtoto ilitoa maziwa. Alivipeleka vyote viwili mezani kwa daktari, akarudi kazini.

Mtoto alikuwa pia amepungukiwa damu kwa malaria. Makundi yao ya damu yalipolingana, Tabita akamtolea yake. Kesho yake kichupa cha Mwajuma kilikuwa safi, na maumivu yamepoa. Baada ya siku kadhaa maziwa yakarudi. Hapo Tabita alikwenda kwa daktari na kusema maneno ambayo hadi leo tunayakumbuka: "Daktari, damu yangu ina kitu ambacho damu ya huyu mtoto haina."

Kwa heshima ya daktari, tuseme kwamba alivuta kiti akakaa. Aliandika kwa mwalimu wake Dar es Salaam, sampuli zikasafirishwa mbali zaidi, na jibu likaja baada ya miezi saba. Mafuta tunayokula hayachanganyiki na damu, kwa hiyo husafirishwa yakiwa yamezungukwa na protini ziitwazo apolipoproteini. Ziko za aina nyingi. Moja hupeleka mafuta mwilini, na yakizidi huziba mishipa ya moyo. Nyingine huyarudisha kwenye ini. Na moja, iitwayo C-II, hutoa ruhusa yashushwe. Mwajuma alizaliwa bila hiyo ya ruhusa, kasoro aliyoirithi kwa wazazi wote wawili. Makame alielewa mara moja: malori yamejaa, yamefika mpakani, hayana karatasi, foleni inazidi kurefuka. Foleni hiyo ndiyo iliyokuwa ikichoma kongosho la mtoto na kumletea yale maumivu ya tumbo.

Sasa inabidi tukiri jambo. Kwetu mgonjwa akianza kupata nafuu hupewa uji wa karanga na maziwa ili apate nguvu. Kila Mwajuma alipopoa, Fatu alimpikia, na wodi nzima ikasaidia. Mimi ninayeandika wasifu huu nilileta debe la karanga za Msangano, tena nikashukuriwa. Tulikuwa tunamuua kwa upendo. Fatu alipoelezwa alitoka nje akalia, na Tabita akaenda kukaa naye hadi alipomaliza.

Dawa ilikuwa kumnyima mafuta. Miaka hiyo nchi nzima ilipanga foleni ya mafuta ya kula na kurudi mikono mitupu, hivyo Mwajuma akawa mwananchi pekee wa Tunduma aliyefaidika na uhaba. Alipozidiwa, Tabita alitoa damu tena. Amefanya hivyo mara nne. Barua ya onyo ilifutwa kwa barua nyingine, ambayo pia aliisaini. Mwaka jana Mwajuma alimaliza darasa la saba.

Kwa miaka hiyo yote, Ndugu Tabita, tunakushukuru, na tunakuomba radhi kwa kelele zetu kuhusu vichupa. Utaratibu wa saa kumi unaendelea, na wafanyakazi kumi na mmoja wameandikisha makundi yao ya damu kwa ajili ya Mwajuma.

Asubuhi ya leo Fatu amefika kutoka Tunduma na kuuliza jambo moja tu: nani sasa atamtazama mwanawe. Tulianza kumsomea orodha ya wale kumi na mmoja. Tabita alikuwa ameshachukua kalamu, anamchorea njia ya kufika kwake Isansa: kanisa, kisima, nyumba ya tatu. Uishi salama na kwa furaha, Mama Tabita. Tunakuombea wageni wengi katika njia hiyo, na Mwajuma aje kula mahindi tu.

Boazi Sinkala, muuguzi, wodi ya watoto