Daraja Ambalo Doña Fabiola Alikataa Kulipunguza

Mheshimiwa Meya, Mkurugenzi wa uwanja wetu wa ndege, ndugu wahandisi, wenzangu wa kikosi cha zimamoto, na wewe mhandisi wetu, bibi mheshimiwa, doña Fabiola Urrutia, unayestaafu leo ingawa naona bado unazikagua boriti za paa hili: mimi, Kapteni Casimiro Beleño, nawasalimu nyote.

Barabara ya kwenda ufukweni ilipopangwa kukatiza uwanjani, mama huyu ndiye aliyechora daraja la kupitisha ndege zikitembea kwa magurudumu juu ya magari ya barabarani. Wakubwa wakamtaka apunguze upana. "Doña, ndege haikai darajani, inapita tu," wakamwambia. Akauliza, "Na siku itakayosimama?"

Wakashikilia lao. Basi akaja kituoni kwetu na chaki, akachora sakafuni daraja jembamba walilolitaka, na ndege juu yake, kisha akatuambia tuegeshe gari la zimamoto ubavuni mwa ndege hiyo. Tairi za upande mmoja zikabaki nje ya mstari. Akawaita wakubwa waje waone. "Tairi hizo zitakanyaga hewa," akasema. "Anayetaka kutia saini na atie. Mimi sitii."

Wakamweka benchi, wakaleta mhandisi mwingine. Naye alipoiona ile chaki akakataa. Ndipo doña akarudishwa, na daraja likajengwa pana, kingo zake imara za kubeba magari yetu.

Nani amesahau mchana ule wa mvua ya Oktoba? Ndege kutoka Bogotá, imejaa watu, gurudumu likashika moto katikati ya daraja. Tulipita kandokando yake na magari yetu, na bado abiria walioshuka kutoka milangoni kwa mitelezo ya dharura walipata pa kukanyaga. Bibi mmoja alinishika shati: "Mwanangu, mzee wangu bado yuko ndani, anatembelea fimbo." Tukaenda tukambeba. Hakufa mtu.

Baadaye nilimkuta doña Fabiola chini ya daraja, kando ya barabara, mabasi yakimpita, analia.

"Sasa unalia nini, mama, na wote wako salama?"

"Kapteni, miaka yote nilipokuwa nikipiga hesabu niliwaita abiria mzigo. Leo nimeziona nyuso zao."

Doña Fabiola, hebu geuka. Safu yote ile ya nyuma ni wao, na hakuna aliyewaita. Wamesikia unaondoka, wakaja.

Kwa kunitegea masikio, asanteni sana.